Umekuja na Nani?

Swali hilo nimelizoea, kwa maana huulizwa karibu kila mahali panapopigwa muziki hapa Kampala. Huuliza mlinzi anayekagua mikoba langoni, huuliza mhudumu anayetafuta pa kuniketisha, na huuliza jirani wa meza anapoona kwamba kiti kilicho mbele yangu hakimngojei mtu. Jumapili nililisikia tena katika kituo cha utamaduni cha Ndere, upande wa Ntinda, nikajibu kwamba nimekuja peke yangu na kwamba ndivyo nilivyotaka. Leo naandika kwa nini nimefikia kutaka hivyo, na kwa nini yapo maonyesho mengine ambayo siendi bila kuwa na mtu wangu pembeni.

Mazoea haya yalianza baada ya korona. Matamasha yalikuwa yamefungwa Uganda tangu Machi 2020, na yaliporuhusiwa tena Januari 2022, wenzangu wa zamani walikuwa wametawanyika: mmoja ameolewa Mbarara, mwingine amepata kazi Gulu, na waliobaki mjini walikuwa na watoto wachanga au madeni. Kwa karibu miaka 2 nilikuwa nimeusikia muziki kwa simu tu, na hamu ya kuisikia ngoma ikinigonga kifuani ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kuonekana sina mtu. Nikaenda, na nikagundua kwamba nasikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni amadinda, marimba ya Kiganda yenye vibao 12 vilivyolazwa juu ya magogo ya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana, kila mmoja na mfululizo wake wa sauti, na pigo la huyu huangukia katika nafasi iliyoachwa na yule, kwa kasi ambayo macho hushindwa kuifuata mikono. Mpigaji wa tatu hushika vibao viwili tu, vile vya juu kabisa, akiurudia mchoro wa sauti unaojitokeza katika vibao viwili vya chini kabisa. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyejifunza marimba hizi mjini Kampala kuanzia 1959 kwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa Kabaka (mfalme wa Buganda), alieleza kwamba msikilizaji husikia tuni ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Zinazaliwa sikioni, kutokana na sauti za watu wawili kusukana. Nilikuwa nimesoma maelezo hayo zamani na kuyakubali kama mtu anavyokubali habari za nchi ya mbali, lakini kuyasikia hasa kulinichukua muda. Mwanzoni sikio hupokea mvua ya mapigo yasiyo na mpangilio. Baadaye, ukitulia, sauti za chini hujitenga na za juu, wimbo mmoja unainuka, kisha mwingine unaopingana nao, na ukiufuata huu ule wa kwanza unazama. Jambo hilo linahitaji dakika kadhaa za kutosemeshwa na mtu yeyote. Rafiki akininong'oneza tu kwamba vazi la mchezaji fulani limependeza, maneno mema kabisa, zile tuni hutoweka na inanibidi nianze kuzitafuta upya.

Ndivyo ilivyo pia kwa bigwala, mabaragumu ya vibuyu ya Busoga ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kila baragumu hutoa sauti moja tu, kwa hiyo mpigaji akiwa pekee hana wimbo. Wimbo hupatikana pale watano au zaidi wanapopokezana sauti zao kwa zamu. Nimefikiri sana juu ya hilo, kwamba muziki ambao hauwezi kabisa kupigwa na mtu mmoja ndio ninaopenda kuusikiliza nikiwa mmoja. Naona si ajabu. Ushirika wote umekwisha kutimia pale jukwaani, na kazi iliyobaki, yaani kuupokea, kila sikio huifanya lenyewe.

Kwenda peke yangu kumenifanya pia mkali zaidi. Katika kundi la marafiki, mwimbaji anayechezesha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa hupita bila kushtukiwa, kwa kuwa tunapiga soga, tunapigana picha, na muziki umekuwa kisingizio cha kukutana. Nikiwa sina wa kuzungumza naye, natambua mapema kwamba mpiga gitaa hayupo ingawa gitaa linasikika, na naumia kwa dhati, kwani nauli ya taksi na kiingilio si fedha za kuokota, na kwa sababu mji huu una wapigaji hodari wanaokosa kazi.

Hata hivyo siwezi kudai kwamba upweke unafaa kila muziki. Afrigo Band siiendei bila shangazi yangu. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1975 na wanamuziki waliotoka Cranes Band, Moses Matovu na saksafoni yake wakiwa miongoni mwao, na shangazi amekua nayo, ameolewa nayo, na amemzika mume nayo. Nyimbo ambazo kwangu ni nzuri tu, kwake ni majina ya watu na mitaa. Alinishika mkono usiku mmoja katikati ya wimbo na kusema, "Binti yangu, hapa ndipo baba yako alipokuwa akitukanyaga wote," nami nikamwona marehemu baba akiwa kijana asiyejua kucheza, jambo ambalo hakuna mtu mwingine angeweza kunipa. Ningekwenda peke yangu, ningesikia saksafoni nzuri na kurudi nyumbani.

Matamasha makubwa ya uwanjani, kama yale ya Lugogo au Kololo, nayaendea na watu kwa sababu nyingine kabisa. Mabomu ya Julai 11, 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70 hapa Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, ndiyo yaliyofanya ukaguzi wa langoni uwe desturi yetu. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, watu wasiopungua 9, baadhi yao watoto, walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa katika jengo moja la biashara kwenye barabara ya Entebbe, umati wa tamasha ulipobanana katika njia nyembamba wakati wa fataki. Tangu habari ile, nikiingia mahali penye umati natafuta kwanza milango ya kutokea, na nataka awepo mtu anayejua nilikosimama. Kwa mwanamke kuna pia safari ya kurudi. Bodaboda ya saa saba usiku, ukiwa wawili, ni safari. Ukiwa peke yako ni dua tangu unapopanda hadi unapofungua mlango. Kwa hiyo ninapokwenda peke yangu nachagua maonyesho ya jioni yanayokwisha mapema, na nakodi gari la mtu ninayemfahamu. Waandaaji nao wangeweza kusaidia. Meza nyingi za mbele huuzwa kwa watu wengi pamoja, na mtu mmoja husukumwa nyuma kabisa au kusimama, kana kwamba fedha zake hazijakamilika.

Ndere ninaipenda kwa kuwa haifanyi hivyo. Kundi lake lilianzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, ambaye kwa miaka mingi amesimama jukwaani mwenyewe akieleza kila ngoma imetoka wapi na huchezwa lini, na maelezo hayo humfaa hasa mtu asiye na wa kumuuliza. Mwisho wa onyesho watazamaji huitwa chini wakacheze. Jumapili mama mmoja wa meza ya jirani, aliyekuja na wajukuu, alinivuta kwa kiganja bila kuuliza jina langu, tukacheza hadi ngoma ziliponyamaza.

Kinachonikosesha raha ni saa inayofuata, ninapokuwa nimejaa na sina wa kumsimulia. Ndiyo sababu nimekuwa nikiandika kurasa hizi usiku uleule, kabla usingizi haujapunguza kitu. Jana nilimsomea dada yangu mkubwa sehemu ya amadinda, naye akasema anataka twende pamoja Jumapili ijayo. Nilisita, kisha nikamwomba jambo moja, kwamba tuketi safu tofauti, kila mtu asikilize kwa namna yake, halafu tuzungumze njia nzima hadi Bweyogerere. "Mdogo wangu, hilo ni sawa," alisema, "lakini wakiita watu wakacheze, unifuate nilipo." Nimemkubalia.