Mabati Yalivyotuchagulia Mfumo wa Maegesho

Kila muuzaji wa mifumo ya maegesho ya magari aliyekuja kwetu alisema lilelile: jiji la kisasa huzika barabarani vihisi, yaani vifaa vidogo vya betri vinavyotambua kama nafasi ina gari. Mbale yetu, hapa Uganda, ni jiji tangu Julai 2020, kwa hiyo eti na sisi tuzike. Wafanyabiashara wa mtaa wetu walikuwa wamenituma kwenye kamati ya kuchagua mfumo, nami nikakataa kutia saini mpaka kitu chenyewe kijaribiwe mbele ya duka langu. Kuonyeshwa kwenye ukumbi wa hoteli hakutoshi; humo hamna matope wala boda.

Kihisi kile hutambua gari kwa jinsi chuma kinavyovuruga usumaku wa dunia. Nikachagua siku ya soko, na nafasi iliyopakana na steji ya boda. Boda zikajipanga juu yake, baiskeli isingepenya, lakini simu ya muuzaji ikaonyesha nafasi iko wazi. "Mzee wangu, ni mipangilio tu," akasema. Akiwa bado anabofya, jirani yangu muuza mabati akashusha mzigo palepale. Simu ikageuka nyekundu: gari limeingia! Mabati yakalala pale hadi jioni na deni la maegesho likapanda kila saa. Nikamwuliza muuzaji wa vihisi mbele ya kamati nzima: bili tumpelekee nani? Nilifurahi siku ile, sifichi.

Akakimbilia mfano wa San Francisco, Marekani. Bahati nzuri nilikuwa nimesoma. Mwaka 2011 mji ule ulianza majaribio kwa maelfu ya vihisi, lakini mwishoni mwa 2013 ukavizima, ukawa unakadiria magari kwa kumbukumbu za malipo ya mita. Wao wametosheka na malipo, sisi tufukie betri chini ya lami kwa nini?

Kamera nazo tuliziacha. Mvua za huku hupaka namba za magari matope, na umeme ukikatika zinalala.

Tulichukua makarani wenye simu. Karani anaandika namba ya gari, dereva analipa kwa pesa za simu, hata mwenye simu ya tochi, kwa nyota na reli. Nanyi mkifuata njia hii, hakikisheni programu inatunza kumbukumbu mtandao ukipotea na kuzituma ukirudi. Na takwimu ziwe mali ya mji, iandikwe kwenye mkataba, maana muuzaji mmoja alitaka kubaki nazo. Simu pamoja na mashine za risiti hazikufika robo ya bei ya vihisi. Boda tumezichorea eneo lao kwa rangi na brashi, na zinakaa humo.