Kisanduku cha VPN na Tor, Mtwara mjini: kumbukumbu ya mradi

Ninachojenga

Ruta ndogo ya kukaa kati ya modemu ya 4G na vifaa vya nyumbani. Chochote kinachoshika Wi-Fi yake kipite kwenye VPN (njia iliyofungwa kwa siri hadi seva ya mbali) bila mtu kubonyeza kitu, na anayehitaji Tor (mtandao unaoficha nani anasoma nini) aifungue juu ya hapo. Ndani yake kuna Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) ya mtumba, OpenWrt (mfumo wa kuendesha ruta) na WireGuard (programu ya VPN). Umeme ukikatika hapa Chikongola, power bank inashika. Iwe ya kutoa ampea 3, kwa sababu chini ya hapo Pi inalalamika volti ndogo, na modemu ya USB ndiyo ya kwanza kudondoka.

Mteja wa kwanza ni dada yangu. Anatoa ushauri nasaha kwa wagonjwa, na kazi hiyo inamlazimu asome mambo ambayo hataki yamfuate kwenye matangazo ya simu, wala yakae kwenye kumbukumbu za laini iliyosajiliwa kwa jina na alama zake za vidole.

Karatasi kwanza

Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni), na ikaweka mwisho tarehe 30 ya mwezi huo. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 nazo zinakataza zana za kufungulia maudhui yaliyozuiwa. Yangu ni ya kazi, fomu imejazwa, na kisanduku hiki si cha kufungulia kilichofungwa.

Ila hapo hesabu inabadilika. VPN iliyosajiliwa kwa jina langu, na kulipiwa kwa namba yangu, haifichi mimi ni nani. Inachofanya ni kufunga kinachopita kati ya modemu na seva, basi. Kazi ya kutenganisha mtu na anachosoma inabaki kwa Tor. Wauzaji wengi wa VPN wanaahidi "kutojulikana kabisa" kwa bei ya bando la mwezi. Mimi siwaamini, na nimeusanifu mradi kana kwamba muuza VPN ni mtu anayeandika kila kitu daftarini.

Kipi kitangulie

Mpwa wangu aliangalia mchoro akauliza, "Mjomba, si sawa na VPN mbili tu?" Si sawa. VPN ni mtu mmoja anayejua unatoka wapi na unakwenda wapi. Tor ni mzigo unaopita mikono ya makondakta watatu, ndivyo vituo vyake: wa Newala anamjua aliyempa mzigo na kondakta wa Masasi, wa Masasi anawajua wenzake wawili tu, na wa Mnazi Mmoja anajua mzigo unafika kwa nani lakini hamjui aliyeutuma. Wazo lilianzia maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990. Mtandao wenyewe ulianza kufanya kazi 2002, na tangu 2006 unasimamiwa na shirika lisilo la faida, Tor Project.

Ukiwasha VPN kwanza, kisha Tor, kampuni ya simu inaona seva moja ya VPN. VPN inaona unaingia Tor lakini haioni unakokwenda. Kituo cha kwanza cha Tor kinaona IP ya VPN badala ya modemu yako.

Ukigeuza, VPN ipite ndani ya Tor, mambo yanakuwa magumu. Tor inabeba TCP tu na WireGuard inatumia UDP (namna mbili tofauti za kusafirisha data), kwa hiyo hapo ni OpenVPN, programu nyingine ya VPN, kwa TCP au uache. Kibaya zaidi, Tor Browser kwa kawaida huipa kila tovuti njia yake, wakati VPN iliyo ndani ya Tor inazikusanya zote kwenye bomba moja linalomwagika kwa mtu aliye na akaunti yako. Faida yake ni kwa tovuti zinazowafukuza watumiaji wa Tor. Sikuona inafaa, nikaiacha.

Tor Project wenyewe hawapendekezi kuchanganya viwili hivi, isipokuwa mtu anajua kupanga vyote sawasawa. Nimelitafakari hilo kwa muda. Kilichonifanya niendelee ni kisa cha Harvard cha Desemba 2013. Mwanafunzi alituma barua pepe ya uongo kuhusu mabomu ili mtihani uahirishwe, akapitia Tor. Tor haikuvunjwa. Wachunguzi waliangalia nani kwenye mtandao wa chuo alikuwa ameingia Tor saa zile, wakamfuata, akakiri. Simhurumii hata kidogo, lakini ile orodha inanihusu: ilikuwa fupi kwenye chuo kikubwa cha Marekani, sasa fikiria mnara mmoja wa simu Mtwara saa nne usiku. VPN iliyotangulia inamwondoa dada kwenye orodha hiyo. Hapo ndipo penye faida, na sioni nyingine kubwa.

Seva iwe wapi

Akili ya kwanza inasema Johannesburg, ni karibu. Kwa matumizi ya kawaida ni kweli. Kwa Tor inageuka, kwa sababu vituo vyake vingi viko Ujerumani, Marekani na Uholanzi. Pakiti (kipande cha data) inashuka Afrika Kusini, inapanda Ulaya kuanza safari ya vituo vitatu, halafu jibu linarudi njia ileile. Seva ya Frankfurt ilikuwa nzito kidogo bila Tor, na nyepesi zaidi ikiwa na Tor. Imebaki Frankfurt.

Kuziba mianya

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda. OpenWrt inagawa mtandao kwa kanda, na kawaida kanda ya nyumbani inaruhusiwa kutoka kupitia modemu. Nimeifuta ruhusa hiyo. Kanda ya nyumbani sasa inatoka kupitia WireGuard pekee, kwa hiyo VPN ikianguka intaneti inakufa nayo. Dada alilalamika siku ya kwanza, "Kaka, mtandao wako haupo." Ndivyo inavyotakiwa.

DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, ilikuwa jambo la pili. Modemu inapokea seva za DNS za kampuni ya simu na ruta inazichukua kimyakimya, hivyo majina ya tovuti yanatoka nje ya handaki la VPN hata kama kurasa zinapita ndani. Nimeiambia ruta izipuuze na itumie ile ya upande wa VPN. IPv6, aina mpya ya anwani za IP, nimeizima, maana VPN yangu haibebi.

Kuhakikisha, niliweka tcpdump (programu ya kuona pakiti zinazopita) upande wa modemu nikaperuzi. Kinachoonekana ni UDP kwenda anwani moja, mlango 51820, ambao ni wa WireGuard. Hakuna kingine. Picha hiyo ya skrini nimeihifadhi.

Kisha kurasa fulani zikawa zinaganda katikati. WireGuard huanza na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1420, lakini njia ya 4G ilikuwa inameza pakiti kubwa. Nimeshusha hadi 1280, kuganda kumekwisha. Pia nimeweka pakiti ya kuamsha kila sekunde 25, la sivyo NAT ya kampuni ya simu (inayogawia wateja wengi IP moja) inasahau muunganisho ukikaa kimya.

Simu

Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati. Orbot, ambayo hupitisha programu nyingine za simu kwenye Tor, nayo inajisajili kama VPN, kwa hiyo haikai pamoja na WireGuard kwenye simu hiyohiyo. Ndiyo sababu hasa VPN iko kwenye ruta. Akiwa nje ya nyumba dada anatumia WireGuard ya simu pamoja na Tor Browser, ambayo haihitaji nafasi ile ya VPN.

Nimemwambia pia kwamba akiingia kwenye akaunti yake ndani ya Tor, tovuti inamjua kwa jina, na hakuna kisanduku cha kuzuia hilo. Na kondakta wa mwisho anasoma kisichosimbwa: 2007 Msweden Dan Egerstad aliendesha vituo vya kutokea akanasa nywila za barua pepe za balozi na ofisi za serikali, akachapisha 100. HTTPS, lile kufuli kwenye kivinjari, imepunguza hatari hiyo sana, lakini tovuti isiyo na kufuli asiiandikie chochote.

Bado

Kisanduku cha pili kinakwenda Tandahimba kwa shemeji kabla msimu wa korosho haujaanza. Kule laini yenye nguvu ni nyingine, kwa hiyo modemu itabadilika na MTU lazima ipimwe upya. Nitajaribu 1380 kwanza.