Jinsi nilivyodumu kwenye kikapu cha kulipwa kwa kuhamahama

Klabu inayotafuta pointi gadi, mchezaji anayeleta mpira na kuongoza mashambulizi, katikati ya msimu haianzi kwa kuuliza unafunga pointi ngapi. Inamuuliza wakala wako: anaweza kucheza Jumamosi? Pointi gadi wao kaumia goti, au kakorofishana na kocha, na ligi haimsubiri mtu. Maisha yangu ya mpira wa kikapu wa kulipwa nimeyaendesha kwa kulijibu swali hilo. NBA, ligi kuu ya Marekani, sikufika, urefu wangu haumtishi mtu, na mtupo wangu ni wa kawaida. Ila jezi nimevaa nyingi, na nyingi kati ya hizo nilizipata kwa sababu kocha mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu ukimpa siku chache tu, anaijua timu yako kuliko waliokuwapo tangu mazoezi ya kiangazi.

Najua kuhamahama hutazamwa kama dalili ya mtu aliyeshindwa kutulia. Wanaosema hivyo mimi huwajibu kwa jina la Ish Smith. Hakuchaguliwa kwenye drafti ya mwaka 2010, yaani siku timu za NBA zinapogawana vijana wapya, akachezea timu 13 za NBA, rekodi ya ligi hiyo, na ubingwa akaupata na timu ya 13, Denver Nuggets, mwaka 2023. Kuna pia Stephon Marbury, nyota wa NBA aliyehamia China mwaka 2010 na akiwa Beijing akatwaa ubingwa mara tatu, 2012, 2014 na 2015. Ila Marbury alifika mahali akaota mizizi, hadi wakamjengea sanamu. Smith kazi yake ilikuwa kutua, kuanza kazi, na kuondoka bila kelele. Huyo ndiye niliyemsoma zaidi.

Sasa, unaijuaje timu ndani ya siku chache? Kwanza nilikubali kwamba makocha wengi duniani wanachezesha vitu vilevile kwa majina tofauti. Chukua mpangilio ambao wengi huuita Pembe: warefu wawili wanasimama kwenye ncha za mstari wa mitupo huru, wapigaji wawili wanajibana kwenye kona, gadi anakuja na mpira katikati. Nimeukuta karibu kila nilikokwenda. Mahali pengine kocha huonyesha vidole viwili kama pembe za ng'ombe, pengine anagusa kichwa, pengine anataja jina la mji. Kwa hiyo daftari langu la michoro sikulipanga kwa majina ya mipangilio. Nililipanga kwa mahali mpira unapoishia: mrefu anayekata kuelekea ringi, mpigaji wa kona, au mimi mwenyewe nikiwa na nafasi ya kupenya. Nikifika klabu mpya, naandika jina lao pembeni ya mchoro ambao tayari ninao. Jioni ya kwanza nakuta michoro iliyo mipya kabisa ni michache, na hiyo ndiyo ninayokesha nayo.

La pili, nilianza na ulinzi kabla ya mashambulizi. Kocha atakusamehe ukikosa mtupo. Hatakusamehe ukipita chini ya skrini, yaani mshambuliaji aliyesimama kukuziba njia ili mwenzake apate nafasi, wakati timu nzima imekubaliana kupita juu yake. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hata ya kufunga kamba za viatu, namtafuta kocha msaidizi na kumuuliza mambo machache: skrini ikija juu tunafanyaje, ikija pembeni tunamsukumia wapi mwenye mpira, na tunabadilishana watu lini. Mara nyingi lugha haipandi. Tunasimama uwanjani yeye na mimi, chupa mbili za maji zikiwa wachezaji, na anazisogeza kwa mguu hadi nielewe.

Halafu nawaendea warefu. Hili vijana wengi hawalifanyi, na kwangu ndilo lililoniweka mjini. Kila mrefu ana mahali anapoupenda mpira. Nakumbuka mmoja ambaye kila pasi ya chini ilimponyoka, na wenzake walishaamua kwamba ana mikono mibovu. Mazoezini nikamwomba anyooshe mkono mahali anapotaka mpira umkute. Akaunyoosha mkono wa kushoto, juu ya bega, karibu na sikio. Nikaanza kumrushia hapohapo, mpira ukipita juu ya kichwa cha beki, na mechi ya kwanza akafunga vikapu mfululizo. Sikuwa nimemfundisha chochote. Ila kuanzia hapo mrefu wa namna hiyo hukuwekea skrini za nguvu, za kweli, si zile za kugusa na kukimbia, na gadi mfupi anaishi kwa skrini.

Sheria nazo hubadilisha kazi yako kuliko watu wanavyodhani. Aliyezoea mtindo wa NBA huja na mazoea ya robo za dakika 12 na faulo 6. Chini ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, robo ni dakika 10 na faulo ya 5 inakutoa, kwa hiyo faulo mbili za haraka mwanzoni zinakupeleka benchi. Mstari wa pointi tatu upo mita 6.75 kutoka kikapuni, si 7.24 ya NBA. Mchezaji hawezi kuomba taimauti, yaani mchezo usimamishwe kidogo. Ukibanwa pembeni na walinzi wawili, ukamtazama refa na kupiga ishara ya mikono, unajichekesha tu. Kikubwa zaidi kwangu, FIBA haina ile sheria ya NBA inayomzuia mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu eneo la chini ya kikapu bila kumkaba mtu. Ina maana mrefu wao anaweza kuweka kambi pale. Kupenya hadi ringi kukawa ni kujipeleka kuzuiwa, nikalazimika kujifunza mtupo mfupi wa kudondosha mpira juu ya mikono yake kabla sijamfikia. Nilikuwa nabaki baada ya mazoezi, msaidizi akinyanyua ufagio hewani, mimi nikiupitisha mpira juu ya ufagio.

Upande wa makaratasi sikuufurahia lakini niliushika. Mchezaji anayetoka nchi moja kwenda nyingine anahitaji barua ya kuachiliwa kutoka shirikisho la nchi anakotoka; bila hiyo Jumamosi utakaa jukwaani na suti yako. Niliizoea kuiulizia kabla ya kuulizia tiketi ya ndege.

Na mkataba wangu ulikuwa lazima uwe na kifungu cha BAT, baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu ambalo FIBA ililianzisha mwaka 2007, makao yake kisheria yakiwa Geneva, Uswisi. Klabu moja, siitaji, ilinilipa vizuri mwanzoni kisha zikaanza hadithi: mdhamini amechelewa, benki imefunga, njoo wiki ijayo. Kwenye BAT msuluhishi huamua kwa kuangalia haki ilivyo, si kwa sheria za nchi fulani, na klabu ikikaidi FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya. Hicho ndicho viongozi wa klabu wanachokiogopa. Wakala aliandika barua fupi akikitaja kifungu kwa namba yake, na fedha zikaanza kuingia, kwa mafungu, huku wakininunia. Wenzangu wawili waliosaini mikataba isiyo na kifungu hicho waliambiwa waende mahakama za palepale, kwa lugha wasiyoijua, viza zikiwa zinaelekea kuisha.

Umri umeongeza kazi nyingine. Kasi ya hatua ya kwanza imepungua, kwa hiyo napenya kidogo na nakaa zaidi kwenye kona, ambako mstari wa FIBA unasogea hadi mita 6.60. Klabu niliyopo sasa ina pointi gadi kijana mwenye miguu ya moto na haraka ya kijinga. Yeye anaanza, mimi naingia robo ya pili mchezo ukishachafuka. Daftari nimempa anakili. Jana alinirudishia kurasa za Pembe akiwa ameongeza mchoro wake mwenyewe, na kusema kweli unafanya kazi, ila mrefu wetu bado hataki kukata upande ule.