Mtungi wa baba mdogo: kwa nini niliukata badala ya kuupeleka kupimwa

Baba mdogo alipoacha kuzamia, mtungi wake ulibaki nyuma ya mlango wa stoo, kwetu Himbi, mtaa wa Goma, umepakwa bluu ileile ya mlango. Nyumbani sote tuliuita chupa ya oksijeni, ingawa oksijeni tupu haikuwahi kuingia humo. Ni hewa hiihii tunayovuta, imeshindiliwa. Aliachiwa na mgeni mmoja aliyefika Goma wakati wa wakimbizi wa 1994 na kuondoka miaka miwili baadaye. Kwa mtungi huo baba mdogo alikagua matumbo ya mashua, alikata nyavu zilizojisokota kwenye rafadha, na mara tatu alishuka kutafuta watu waliozama. Hizo mara tatu hapendi kuzisimulia.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma kwenye Ziwa Kivu, nchi kavu ikionekana kabisa, ndugu wakiwa wamesimama wanangoja watu wao. Siku chache baadaye vijana wawili wa bandarini walikuja nyumbani. "Mkubwa, tumesikia kwenu kuna chupa ya kuzamia. Ijazwe, tujifunze, siku nyingine tusisimame tu tukiangalia." Ningewakatalia vipi? Hata mimi moyo wangu ulikuwa hukohuko. Niliwaomba muda niuangalie kwanza.

Wao waliona kazi ni kuujaza tu, na mmoja alikuwa ameshaongea na fundi wa matairi. Hilo nililizuia palepale. Kompresa ya fundi wa matairi hufika bar 8 au 10 (bar ni kipimo cha shinikizo), inatosha tairi la Fuso. Mtungi huu hujazwa hadi bar 207. Tena hewa ya gereji hubeba mvuke wa mafuta, na mvuke huo huishia mapafuni mwa aliye chini ya maji. Nilijaribu kwa fundi wa vizima moto, maana alisema ana pampu ya kupimia. Kumbe pampu yake ni ya vizima moto vya unga, ambavyo hukaa kwenye bar 15 hivi. Alisoma namba zilizogongwa begani mwa mtungi, akanirudishia mikononi. "Huu siuwezi, papa." Namshukuru mpaka leo, kwa sababu wapo ambao wangechukua hela.

Namba hizo nilizisugua kwa mswaki mpaka zikasomeka. 3AL ni aluminiamu kwa kanuni za Marekani. 3000 ni shinikizo la kazi kwa kipimo chao cha pauni, ndiyo hiyo bar 207. Kisha ikafuata mihuri ya vipimo: 1984, 1989, 1993. Baada ya hapo hakuna kitu. Kwa kanuni hizo mtungi wa kuzamia hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na kwa desturi ya wazamiaji kila mwaka hufunguliwa ukakaguliwa ndani kwa macho. Wetu ulikuwa umepitisha miaka 31.

Kipimo chenyewe nilikisoma usiku mzima, nikakipenda kwa jinsi kilivyofikiriwa. Mtungi hujazwa maji, ukatumbukizwa katika chombo kingine kilichojaa maji, kisha ukasukumwa kupita shinikizo lake la kazi. Huu wetu ungesukumwa hadi 5,000, karibu bar 345. Aluminiamu hutanuka kidogo, na chombo cha nje huonyesha imetanuka kiasi gani. Shinikizo likitolewa, lazima irudi. Ikibaki imevimba kwa zaidi ya asilimia 10 ya mtanuko wote, mtungi umekufa. Hutumiwa maji kwa sababu hayashindiliki kama hewa: mtungi ukipasuka hapo, hautawanyi vipande.

Goma sikupata pa kuufanyia hivyo. Nilimtumia picha rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa yuko Mombasa anafanya kazi na wazamiaji. Nilitegemea aniambie bei. Badala yake aliniuliza maswali mawili: ulitengenezwa mwaka gani, na umewahi kupita kwenye moto?

La kwanza lilikuwa rahisi, ila jibu lake lilikuwa baya. Mitungi mingi ya aluminiamu ya miaka ile ya sabini na themanini ilitengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) iitwayo 6351. Aloi hiyo ina ugonjwa wake: ikikaa na shinikizo muda mrefu, nyufa hujitengeneza shingoni, kwenye nyuzi za kufungia vali, na huendelea kukua hata mtungi ukiwa umesimama tu stoo. Baadaye watengenezaji walihamia aloi nyingine, 6061. Mitungi ya zamani haikupigwa marufuku, lakini kila inapopimwa kwa maji lazima shingo ipitiwe pia na kifaa cha umeme kinachogundua nyufa. Hata ikifaulu, rafiki yangu alisema, vituo vingi vinakataa kuijaza.

Kwa swali la pili nilikwenda kukaa na baba mdogo barazani.

"Baba mdogo, wakati wa volkano ya 2002 mtungi ulikuwa wapi?"

Alikawia kujibu. "Ulikuwa Birere, mtoto wangu. Kwenye kile chumba nilichopanga."

"Chumba kiliungua?"

"Cha jirani kiliungua chote. Changu kiliungua paa. Niliukuta umeegemea ukuta, mweusi upande mmoja. Nikausugua, nikaupaka bluu." Kisha akaongeza, akinitazama usoni: "Na nimezamia nao miaka saba baada ya hapo."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonisumbua kuliko yote. Watu wa mradi mmoja waliokuwa na kompresa ya kuzamia walimjazia miaka hiyo yote, na mtungi ulivumilia. Mtu akitaka sababu ya kuuhurumia, hiyo hapo.

Niliufungua vali polepole. Ulipumua dakika nzima, ukanyamaza. Rangi niliitoa kwa dawa ya kuondolea rangi na msasa. Fundi wa kuchomelea alijitolea kuichoma kwa moto ili kazi iishe haraka, nikamkatalia kwa nguvu, maana huko ni kuupika mara ya pili. Chini ya bluu ilitokea njano ya kiwandani. Upande mmoja, kuanzia kiunoni hadi begani, njano hiyo ilikuwa na malengelenge na imegeuka mkaa. Kiatu cha plastiki kilichovishwa kitako kilikuwa kimeyeyuka ukingo upande huohuo.

Nguvu ya aluminiamu hii hutoka kwenye matibabu ya joto iliyopewa kiwandani, na moto huiondoa bila kuacha umbo limebadilika. Ndiyo maana kanuni ni kali: mtungi wa aluminiamu uliopata joto la nyuzi 177 za Selsiasi au zaidi haupelekwi kupimwa, unakataliwa moja kwa moja. Rangi haigeuki mkaa kwa jua la Goma. Kwa hiyo swali langu la mwanzo, kwamba niulipie safari ya Mombasa kupitia Gisenyi, Kigali na Kampala au nisiulipie, lilikuwa limeshafungwa usiku wa tarehe 17 Januari 2002, na mimi sikujua.

Hata hivyo nilimulika shingoni kwa tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Palikuwa na mstari mwembamba unaokata nyuzi mbili. Unaweza kuwa alama ya chombo cha kuchongea, unaweza kuwa ufa. Sikuhitaji tena kuamua.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Kuurudisha nyuma ya mlango ningeweza, lakini siku nitakapokuwa safarini vijana wangeuchukua kwa nia njema, na angetokea wa kuwajazia. Niliwaita, nikawaonyesha mkaa ule chini ya rangi. Mmoja alikasirika akaondoka. Mwenzake alibaki, akaniuliza tungeanzia wapi bila mtungi. Nilimwambia ninavyoamini: aliye chini kwa dakika nyingi, mzamiaji huwaletea ndugu zake mwili tu, anayeokoa ni mwenye kamba, boya na mtumbwi ulio tayari, katika zile dakika za mwanzo. Wiki hiyo tulinunua kamba na maboya manne.

Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeushika mtungi nilipoukata kwa msumeno wa chuma. Tulikuwa tumeshatoa vali. Kabla ya kukata nilipiga alama za X juu ya 3AL, kama wanavyofanya wapimaji. Kazi ilikula mchana mzima, kwa maana ukuta ni mnene kuliko nilivyodhani. Wayeyushaji wa sufuria walikuja kuchukua mwili wake kwa uzito. Bega na shingo hawakupewa. Viko dirishani kwa baba mdogo, na sasa rangi imetoka, 1984, 1989 na 1993 zinasomeka vizuri kutoka alipo kitini.