Nne nukta mbili ya Mama

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili, Tanga. Mama alikuwa amesumbuliwa na kizunguzungu wiki nzima, akaenda kupima damu. Ijumaa jioni nilimkuta barazani, sinia la mchele mapajani, hachambui. Shikamoo yangu aliiitikia kwa mbali. Macho yalikuwa kwenye karatasi ya majibu.

“Baba, hebu nisomee. Hapa mia mbili na kumi, huku nne nukta mbili. Damu yangu ndiyo imebaki nne?”

Aliyempa karatasi alimwambia tu arudi kwa daktari Jumatatu. Siku tatu za hofu! Hadi leo inaniuma.

Nikaichukua. 210 ilikuwa ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata. 4.2 ilikuwa ya chembe nyekundu. Lakini pembeni, kwa maandishi madogo ya kuumiza macho, ya kwanza ilikuwa na 10⁹ kwa lita, ya pili 10¹². Mama hakuyaona hayo.

Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma. 210 nikaifanya 2.1, nukta imehama hatua mbili, basi kipeo, ile namba ndogo ya juu, kikatoka 9 kikawa 11. Sasa zililingana kimaandishi: 2.1 × 10¹¹ na 4.2 × 10¹². Kipeo ndicho kinachotazamwa kwanza, na 12 imeipita 11. Ile nne ilikuwa kubwa mara 20. Tena ilikuwa ndani ya kiwango cha kawaida kilichochapwa hapo hapo.

“Na hii sita?”

Chembe nyeupe, 6 × 10⁹. Nikagawa: kwa kila nyeupe moja, nyekundu 700. “Kama mchele wako, Mama. Jiwe moja kwa punje mia saba.”

“Iandike yote niione.”

4,200,000,000,000. Akapitisha kidole sufuri moja baada ya nyingine, vumbi jeupe la mchele likabaki juu ya wino.

Nikaendelea, maana nilishapata moto. Chembe nyekundu moja ina upana wa kama 7 × 10⁻⁶ ya mita. Zidisha: za lita moja zikipangwa foleni zinafika kilomita 29,400 hivi. Lita moja na nusu inaizunguka dunia pale ikweta na foleni inabaki.

Mama akaigeukia chupa ya mafuta ya kupikia iliyokuwa mlangoni.

“Lita kama hii?”

“Kama hiyo, Mama.”

Akalivuta sinia, akaanza kuchambua.