Milimita 111

Leo asubuhi jirani amebabua kichwa cha mbuzi. Idi imepita jana tu, na huku kwetu kichwa hakitupwi: kinawekwa juu ya makaa, manyoya yanasinyaa na kunuka, kisha kinaparuzwa kwa kisu mpaka kitoke safi. Harufu iliingia dirishani nikiwa nimeupakata udi, namwonyesha mtoto wa ndugu yangu jinsi ya kushika risha. Mkono wangu ukasimama wenyewe. Naye akapata nafasi ya kuuliza.

"Ami, mbona udi hauna vyuma shingoni kama gita?"

Sikumjibu, maana kwangu mimi swali lile na harufu ile vinatoka mahali pamoja. Vyote vilinirudisha kwenye meza ya jikoni kule Edinburgh, jioni ya mwezi wa pili, luti, udi wa Wazungu, imelala chali juu ya taulo na kiberiti kiko mkononi mwangu.

Miaka ile nilikuwa kule, nikijifunza luti. Yule bibi aliyekuwa akinifundisha luti alisema freti, vile vizingiti vya shingoni vya kubania nyuzi, zimechakaa, zote 8 zifungwe upya, na safari hii nizifunge mimi. Akajimiminia chai, akakaa upande wa pili wa meza.

Luti ni mtoto wa udi. Jina lenyewe ni lile lile la Kiarabu, al-ud, lililogeuka midomoni mwa watu: Wareno wakasema alaúde, Wahispania laúd, Wafaransa luth, Wajerumani Laute. Uliingia Ulaya kwa njia ya Andalusia na Sicily, ukiwa na tumbo lake la vipande vya mbao vilivyounganishwa, ua lililochongwa usoni na kichwa kilichokunjwa nyuma. Kwa muda mrefu hata wao waliupiga kwa risha. Mwishoni mwa karne ya 15 ndipo walipoanza kuiacha risha na kutumia ncha za vidole, ili mkono mmoja ubebe sauti mbili tatu kwa wakati mmoja, na mwaka 1507 Petrucci wa Venice akachapa kitabu cha kwanza cha luti, muziki wa Francesco Spinacino. Aliyezoea udi akiishika luti, mkono wa kulia utahangaika wiki kadhaa, basi. Wa kushoto ndio unaokutana na kitu kigeni, yaani freti.

Na freti za luti si vyuma. Ni utumbo wa kondoo uliosokotwa na kukaushwa, unazungushwa shingoni na kufungwa fundo. Unaweza kuusogeza kwa kidole gumba.

Namna ya kufunga ni hii. Unakata kipande cha sentimita 30 hivi, unakipitisha chini ya nyuzi na kukizungusha shingo, fundo likae ukingoni, upande wa nyuzi nene. Hufungi pale freti inapotakiwa kukaa. Unafunga sentimita moja au moja na nusu juu yake, kuelekea kichwa, kwa sababu kule shingo ni nyembamba. Ukiisukuma freti chini kwa vidole gumba viwili, shingo inapanuka na freti inajikaza yenyewe. Kabla ya kuisukuma unalivuta fundo kwa koleo, unakata ncha zote mbili ukiacha milimita 4, halafu unazichoma. Utumbo hauyeyuki kama nailoni. Unavimba, unakuwa kijipu cheusi kinachokaa mbele ya fundo na kulizuia lisifunguke. Ukikata fupi mno, moto unalifikia fundo na kazi yote inakatika. Ukiacha ndefu, fundo linateleza mpaka likutane na kijipu, na hapo freti imeshalegea. Shingo ya luti unaikinga kwa kijiko. Na jiko zima linanuka kichwa cha mbuzi.

Freti ya kwanza ilikatika. Ya pili, ya tatu na ya nne zikakaa. Nikajaribu uzi, nikabana freti ya tatu, na luti ikazizima kama nyuki ndani ya kopo.

Bibi hakuinuka. Akanisogezea maikromita, kipimo cha unene.

Kosa lilikuwa langu, nalo hulifanya kila anayeanza. Freti hazilingani unene. Ya kwanza ni milimita 1.00, halafu unashuka 0.95, 0.90, 0.85, mpaka ya nane iwe 0.65. Ukibana freti ya tatu, uzi unatoka hapo na kupita juu kidogo tu ya freti ya nne. Ikiwa ya nne ni nene kuliko ya tatu, uzi unaigonga kila unapotikisika, ndiyo ile mizizimo. Mimi nilichukua vipande kwa kukisia kwa macho, na kwa macho 0.85 na 0.95 ni ndugu pacha. Nikaikata ya nne, nikapima, nikafunga nyingine, nikachoma tena. Jioni ile nilijifunza pia kutotumia nailoni kwa freti, maana alinipa kipande nijaribu, kikateleza shingoni kama sabuni. Kwa nyuzi, sawa, huku kwetu unyevu na jasho la vidole vinaumaliza utumbo mapema na nailoni inastahimili. Kwa freti, hapana.

Ikaja kazi ya kuzipanga. Luti ile ilikuwa na sentimita 60 kamili kutoka darajani, pale nyuzi zinapofungwa tumboni, hadi mwanzo wa shingo, kichwani. Njia rahisi ni kanuni ya 18, aliyoieleza Vincenzo Galilei, baba yake Galileo wa darubini, katika kitabu chake cha mwaka 1581: gawanya urefu wa uzi kwa 18, hapo ndipo freti ya kwanza; kilichobaki kigawanye tena kwa 18, hapo ya pili, na kuendelea. Tukaweka rula. Ya kwanza milimita 33, ya pili 65, ya tatu 94 na nusu, ya nne karibu 123.

Nikadhani tumemaliza. Bibi akauweka mkono wake juu ya freti ya kwanza.

"Hii ni ya uongo," alisema. Kisha akanionyesha. Jozi za nyuzi za luti ile zilitiwa sauti sol, re, la, fa, do, sol, kutoka nyembamba kwenda nene. Freti ya kwanza kwenye uzi wa fa inakupa fa iliyopandishwa. Freti hiyo hiyo kwenye uzi wa la inakupa noti ya si iliyoshushwa. Kwa sikio la watu wa karne ya 16, waliopenda sauti ya tatu ya ngazi iwe tamu na tulivu, ile fa inataka freti ikae milimita 26, ile si inataka 39. Freti ni moja, inapita chini ya nyuzi zote. Kwa hiyo 33 haimridhishi yeyote kati yao, ndiyo maana wanakubaliana nayo. Wapigaji wengine waliisogeza freti kila walipobadili wimbo. Wengine waliongeza vijifreti vidogo chini ya uzi mmoja mmoja, tastini, ambavyo Galilei mwenyewe hakuvipenda hata kidogo.

Akaisukuma freti mpaka 26, akapiga fa yake iliyopandishwa ndani ya mkusanyiko wa sauti tatu. Sijawahi kusikia sauti tatu zikitulia namna ile. Kama maji ya mtungi baada ya vumbi kuzama. Halafu akagusa ile si iliyoshushwa, ikalia kama meno. Akairudisha freti 33.

Baada ya hapo akanipa ukurasa wa mswada wa Rowallan nijaribu freti zangu. Uskoti ina hazina ambayo watu wengi wanaosikiliza muziki wa Kikelti hawaifikirii, kwa kuwa akili yao inakwenda moja kwa moja kwenye zumari za mfuko na kinubi: miswada ya luti ya karne ya 17, Rowallan, Straloch, Balcarres, iliyojaa nyimbo za watu wa kawaida zilizoandikwa kwa mkono na waungwana wa mashambani. Hazitumii noti. Mistari ni nyuzi, na herufi ni mahali pa kubana: a uzi mtupu, b freti ya kwanza, c ambayo huandikwa kama r ili isichanganywe na e, d ya tatu, e ya nne. Mtu asiyejua noti hata moja anaweza kuanza siku hiyo hiyo, nami namshauri aanze huko. Nyimbo ni fupi, sauti zake mara nyingi ni 5 tu, na nyingi zina tabia moja ninayoipenda mno: zinasimama juu ya sauti moja, zinashuka hatua nzima kwenda chini na kusimama tena, kisha zinapanda pale pale zilipotoka, bila kuomba ruhusa.

Niliupiga ule wimbo mara mbili. Herufi e ilikuwemo mara mbili tu.

Sasa, sijui niliwaza nini. Labda ni zile milimita 7, kutoka 33 hadi 26. Kama bibi anaweza kuivuta freti milimita 7 kwa ajili ya utamu wa sauti moja, na mimi je? Nilipiga uzi wa do ukiwa mtupu. Nikabana freti ya pili, re. Kidole changu kikaenda kutafuta mi, na mi iliyokuwa pale kwenye freti ya nne haikuwa mi yangu. Ilikuwa juu. Iling'aa mno. Kwa miaka yote kwenye udi kidole hicho kilikaa chini yake kidogo, katikati ya mi na mi iliyoshushwa, pale inapoishi Rasti, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu.

Nikaweka vidole gumba viwili kwenye freti ya nne, nikaisukuma kuelekea kichwa cha luti. Ilitoa mlio mdogo wa utumbo kukwaruza mbao. Kwa kuwa kule shingo ni nyembamba ililegea kidogo, ikabidi niishike kwa ukucha upande mmoja. Nikapiga do, re, halafu ile, halafu uzi wa fa ukiwa mtupu.

Rasti. Kwenye luti, jikoni, Edinburgh, mvua inapiga dirishani.

Nusu ya juu ya maqamu ilinigomea, kwa sababu noti ya si ya Rasti ingedai milimita 50 kwenye uzi wa la, katikati ya freti ya kwanza na ya pili ambako hakukuwa na kitu. Nikabaki na zile sauti za chini, nikapanda mpaka la, nikashuka, nikapanda tena. Nyuzi za utumbo hazilii kama za udi. Sauti inatoka kavu, inakufa upesi, na kwa sababu inakufa upesi unaisikia vizuri pale inapozaliwa. Niliogopa kumtazama bibi. Nilidhani nimeharibu kazi ya saa tatu.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Akanyosha mkono, akaweka rula. 111, au 110 na kitu, kwa sababu freti haikuwa imenyooka sawasawa. Akasema nisiirudishe, nimpigie wimbo wa Rowallan hivyo hivyo. Nikapiga. Zile e mbili zilipofika, moja ilipita bila kelele ndani ya wimbo wenyewe, kama vile ilikuwa inasubiriwa. Ya pili ilikuwa chini, ndani ya mkusanyiko wa sauti, ikaumiza. Bibi alifumba macho kwa zote mbili, nami sikuweza kujua ipi ilimfumbisha kwa raha. Sikumuuliza. Nilipoondoka freti ilikuwa bado pale pale, na wiki iliyofuata niliikuta kwenye 123.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokutana na Zalzal, mpiga udi wa Baghdad wa karne ya 8. Kidole cha kati wengine walikiweka chini, karibu na mi iliyoshushwa. Yeye akakisogeza, kikae katikati ya hapo na mahali pa kidole cha pete, na mahali hapo pakaitwa kwa jina lake, wusta (kidole cha kati) ya Zalzal. Al-Farabi, mwanafalsafa wa karne ya 10, alipoziandika sehemu za shingo ya udi, na udi wa vitabu hivyo ulikuwa na freti zake, dasatini, aliipa wusta hiyo uwiano wa 27 kwa 22. Chukua uzi wa milimita 600, uzidishe kwa 22, ugawanye kwa 27. Kutoka mwanzo wa shingo inakuja 111.

Kwa hiyo jibu la mtoto ni kwamba freti zilikuwapo hata kwenye udi. Sikumwambia hivyo, kwa sababu najua atakachoomba. Akifungiwa freti moja mahali pa Zalzal, kidole chake kitapata kwao, na ataacha kuitafuta Rasti kwa kuchechemea kama anavyofanya sasa. Lakini huko kuchechemea ndiko kulikonifanya nisikie, jioni ile, kwamba mi ya luti si yangu. Mtoto anayekuta sauti imeshafungwa shingoni atajuaje kama imesogea?

Alipokwenda kwa jirani kufuata supu nililifungua boksi. Kuna kipande kimoja cha 0.85, kimekauka lakini hakijapasuka, kinatosha kuzunguka shingo mara moja. Udi wangu una sentimita 60 na nusu. Nimepima, nimeweka alama ya penseli kwenye 112. Kiberiti kipo mezani, sijakiwasha.