Kizunguzungu cha Kugeuka Kitandani

Mtu akilalamika kizunguzungu, jambo la kwanza katika zahanati zetu nyingi ni kumpima presha. Ni sahihi apimwe, kwa kuwa presha ikishuka au damu ikipungua kichwa huwa chepesi, lakini naamini maswali mengine yangepaswa kutangulia: unahisi unataka kuzimia, au unaona chumba kinazunguka? Huanza ukifanya nini, na huchukua muda gani kutulia?

Mama yangu alikuwa akiona nyumba inazunguka kila alipogeukia upande wa kulia kitandani, au alipoinua uso kutafuta kitu kwenye rafu ya juu. Hali hiyo haikufika dakika moja, ila ilimtia hofu kiasi kwamba alilala ameegemea mito na kutembea akishika ukuta. Presha yake ilikuwa ya kawaida. Vidonge alivyopewa vilimletea usingizi, na kizunguzungu kikabaki palepale, hadi alipopelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Katika sikio la ndani mna chembechembe ndogo mno za kalisiamu, zilizonata juu ya utando unaotuwezesha kuhisi mwili umeinama au umesimama wima. Kwa sababu ya umri au kugonga kichwa, na mara nyingi bila sababu inayojulikana, baadhi yake hubanduka na kuingia katika mmojawapo wa mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kichwa kikibadili mkao, chembe hizo huteremka na kuyasukuma majimaji, ubongo ukaarifiwa kwamba mwili unazunguka ilhali umetulia. Hakuna kidonge cha kuziondoa humo. Zinahitaji kurudishwa zilikotoka.

Mtaalamu alimkalisha Mama kitandani, akamgeuza kichwa nyuzi 45 kuelekea kulia, akamlaza chali kwa haraka huku kichwa kikiinama kidogo nje ya ukingo, na kumsihi asifumbe macho. Sekunde chache zilipita kimya, kisha macho yake yakaanza kurukaruka na kujipinda kuelekea sikio lililokuwa chini, halafu yakatulia yenyewe. Hicho ni kipimo cha madaktari Dix na Hallpike, kilichoelezwa mwaka 1952, na kwa aina hii ya kizunguzungu macho hueleza zaidi kuliko picha ya kichwa. Kisha akakigeuza kichwa polepole upande wa kushoto, akamlaza ubavu huohuo uso ukielekea sakafuni, na mwishowe akamkalisha, akisubiri katika kila mkao hadi mzunguko ukome. Ni njia ya John Epley, daktari wa Portland nchini Marekani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1992. Wengi hupata nafuu baada ya mara moja au mbili, ingawa tatizo linaweza kurudi. Mwenye maradhi ya shingo aseme kabla hajalazwa.

Kizunguzungu kinachotokana na mshipa wa fahamu wa sikio kuvimba hakiponi kwa njia hiyo. Hapo tiba ni mazoezi ya kila siku: kukazia macho herufi moja iliyoandikwa kwenye karatasi huku kichwa kikitikiswa kulia na kushoto, kusimama miguu ikiwa pamoja, kisha juu ya godoro, na kutembea kisigino kikigusa vidole. Madaktari Cawthorne na Cooksey walianza kuyatumia mazoezi ya namna hii Uingereza katika miaka ya 1940. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba yataamsha kizunguzungu kidogo, kwa kuwa ubongo hujirekebisha kwa kukutana nacho, la sivyo atayaacha akidhani yanamdhuru. Dawa za kutuliza kizunguzungu zikitumiwa kwa muda mrefu huchelewesha urekebisho huo, lakini uamuzi wa kuziacha uwe wa daktari.

Hata hivyo, kizunguzungu cha ghafla kinachoambatana na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, upande mmoja wa mwili kulegea, kichwa kuuma vikali au kushindwa kabisa kusimama hakisubiri mazoezi. Mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, maana huenda ni kiharusi.